Usimlaumu Aliyebonyeza

Juu ya methali na ngeli wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameshasema ya kutosha. Mimi leo nina neno juu ya kitufe.

Ami yangu ana duka la leso hapa Makupa, na duka lina tovuti iliyojengwa kwa WordPress. Bei zake hupangwa na plagini, yaani programu ya nyongeza, aliyoandikiwa na kijana mmoja fundi wa kompyuta. Mle kwenye dashibodi mna kitufe cha kubadilisha bei zote kwa mpigo. Kabla ya Idi mwaka jana, binti yake ami aliletewa kiungo kwenye simu, eti ni picha za leso mpya. Akabonyeza. Kumbe kile kiungo kilikuwa anwani ya kitufe chenyewe, na mwisho wake kimetiwa sifuri. Kwa kuwa alikuwa ameshaingia katika dashibodi kwa simu hiyo hiyo, tovuti ilitii. Leso zote zikawa za bure, na watu wakaagiza usiku kucha. Maskini, alilia siku mbili, nyumba nzima ikimwita mzembe.

Mimi nasema hakukosa. Aliyekosa ni fundi.

Kwani kitufe chake kilimwuliza nini? Hakuna! Ombi la kubadilisha kitu likifika, programu yapasa iulize kwanza: wewe una ruhusa? Mafundi wengine hudanganyika na jina is_admin, wakadhani lamwuliza mtu kama ni msimamizi. Wapi! Hilo lauliza tu kama ukurasa ulioombwa ni wa upande wa dashibodi. Mgeni kukaribishwa barazani si ruhusa ya kufungua sanduku la chumbani. Swali la ruhusa huulizwa na current_user_can.

Kisha iulize: ni wewe kweli uliyekusudia? Hapa ndipo penye nonsi, herufi na tarakimu ambazo WordPress huzitia ndani ya fomu kwa ajili ya mtu yule na kazi ile, nazo kwa kawaida hazipiti saa 24. Tapeli aweza kuijua anwani ya kitufe, lakini nonsi hana. Jambo hili limo tangu toleo la 2.0.3 la mwaka 2006, basi kisingizio ni kipi? Tena badiliko lisipitie kwenye kiungo kitupu, lipitie kwenye fomu, na bei ya sifuri ikataliwe pale pale.

Fundi alijitetea ati duka ni dogo, nani atalihangaikia? Bwana, wadukuzi hutuma programu zikapita tovuti baada ya tovuti, hazichagui dogo wala kubwa. Mwezi wa Novemba 2018 plagini ya WP GDPR Compliance, iliyokuwa katika tovuti zaidi ya 100,000, iligunduliwa haiulizi ruhusa kabla ya kubadilisha mipangilio. Wageni wakajifungulia usajili, wakajifanya wasimamizi. Na plagini yenyewe, ajabu, ilikuwa ya kusaidia watu kufuata sheria ya Ulaya ya kulinda habari za siri!

Fundi ameitwa nyumbani Jumamosi. Nimemwomba ami amwache binti yake aketi naye, na maswali yale mawili ameshayaandika katika daftari.