Magari ya mitumba yapimwe hadi miguuni

Dereva akiokolewa na mkanda na mfuko wa hewa baada ya kugongana uso kwa uso, tunamshukuru Mungu kuwa yu hai. Mara chache tunauliza kama atatembea. Kifundo cha mguu kilichosagika kwenye pedali hakiui, lakini humtoa fundi karakana na mkulima shambani.

Wahandisi waliliona tatizo hili zamani. Hybrid III, sanamu inayokalishwa ndani ya gari linalogongeshwa kwa majaribio, iliundwa na General Motors ya Marekani miaka ya 1970. Ilifaa sana kupima kichwa na kifua, ila kifundo chake kilikuwa kiungo cha chuma kisichopinda kama cha binadamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo ukaja mguu wa Thor-Lx. Huu una waya unaofanya kazi ya kano ya kisigino, muundi wenye kipande laini kinachobonyea, na kifundo kinachopinda juu na chini, kulalia upande na kujizungusha, kikizidi kukaza kadiri kinavyolazimishwa. Hapo sakafu ya gari inayosukumwa ndani haiwezi tena kuficha madhara yake. Ulaya, shirika la Euro NCAP linatumia sanamu ya THOR tangu 2020. Hiyo ni ya mwanamume. Wanawake, ambao huumia miguu zaidi, wamesubiri muda mrefu mno kupata yao.

Sisi je? Kenya hukataa gari lililozidi miaka minane, Uganda miaka 15. Umri hausemi lolote kuhusu miguu ya dereva. Na gari likishuka Mombasa au Dar es Salaam laweza kuishia Kigali, Bujumbura au Goma, hivyo sheria ya nchi moja haitoshi.

Hatuhitaji kujenga maabara. Japani, yanakotoka mengi ya magari haya, imekuwa ikitangaza matokeo ya majaribio yake ya JNCAP tangu 1995. Mengi yalipatikana kwa sanamu ya zamani, lakini ni afadhali kuliko giza. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waagize matokeo hayo yaambatanishwe na hati za kila gari linaloingia, na mnunuzi ayaone kabla ya kulipa.