Bima ya mikopo Uingereza: Aliyefichwa bei ana haki ya kudai



Mwaka 2016 mama mmoja wa Tanga, jirani yangu wa zamani, alinipigia simu akiwa na fadhaa. Mwanawe aishiye Birmingham alikuwa amerudishiwa na benki yake zaidi ya pauni elfu mbili, na sehemu ya fedha hizo akamtumia mama aezeke nyumba. Kumbe mtu mmoja amekwisha kumwambia kwamba fedha hizo ni haramu tupu, kwa kuwa asili yake ni mkopo wa riba, na kwamba kijana angenyamaza ingekuwa bora kwa dini yake. "Sheikh, bati zimekwisha pigwa misumari," akaniambia. "Niziezue?"

Kabla ya kutoa hukumu yapasa kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Kwa miaka mingi, hasa kati ya 1990 na 2010, mabenki ya Uingereza yaliwauzia wakopaji na wenye kadi za mkopo bima ya kulinda marejesho, iliyojulikana kwa herufi tatu, PPI. Maelezo yake yalikuwa matamu: ukiugua, ukipata ajali au ukiachishwa kazi, bima itakulipia. Jumla ya bima zilizouzwa inakadiriwa kufika milioni 64. Waliojiajiri waliuziwa bima ambayo masharti yake yaliwafungia mlango wa kulipwa. Wastaafu waliuziwa kinga ya kupoteza kazi! Wenye maradhi ya siku nyingi hawakuambiwa kwamba maradhi hayo hayamo. Wengine waliachwa wadhani kuwa bila bima hawapati mkopo, na wengine hawakujua kabisa kuwa wanayo. Mara nyingi ada yote ya bima iliongezwa juu ya mkopo tangu siku ya kwanza, nayo ikatozwa riba pamoja na mkopo wenyewe.

Lililonishangaza zaidi ni kesi ya mjane mmoja aliyekopa pauni 34,000 mwaka 2006. Aliuziwa bima ya pauni 5,780. Katika hizo, zilizofika kwa kampuni ya bima ni pauni 1,630 tu. Zilizobaki, yaani asilimia 71.8, waligawana dalali na mkopeshaji. Mama yule hakuambiwa kiasi hicho. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kuficha kamisheni kubwa namna hiyo kuliufanya uhusiano wa mkopeshaji na mkopaji kuwa usio wa haki.

Aliyesoma madrasa atakumbuka mara moja hadithi iliyopokewa na Muslim, ya mfanyabiashara aliyekuwa na rundo la chakula sokoni. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta unyevu. Mwuzaji alijitetea kwamba kilinyeshewa na mvua, naye akaulizwa kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione. Tuzingatie jambo moja hapa: hakulaumiwa mnunuzi kwa kutolichimbua rundo. Wajibu wa kudhihirisha aibu ya bidhaa ni wa mwenye bidhaa, na mafakihi wakajenga juu ya msingi huo haki ya mnunuzi kurudisha kitu alichodanganywa. Basi anayesema "mteja angesoma masharti" ameibeba hukumu akaiweka begani mwa asiyestahiki.

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini mwaka 2005. Wasimamizi wa fedha walipoweka kanuni za kuwalipa wateja, mabenki yalikwenda mahakamani kuzipinga, yakashindwa Aprili 2011. Hata baada ya hapo wengi walikataliwa madai yao ya haki. Juni 2015 benki ya Lloyds ilitozwa faini ya pauni milioni 117 kwa namna ilivyoyashughulikia malalamiko. Aliyekata tamaa kwa barua ya kwanza ya kukataliwa alipoteza chake, na aliyekwenda bila malipo kwa msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha mara nyingi alikipata. Hadi mwisho wa zoezi, ambalo muda wake wa kudai ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019, zilikwisha lipwa zaidi ya pauni bilioni 38. Wakati huohuo yakazuka makampuni ya kudai kwa niaba ya watu, yakichukua robo ya fedha au zaidi kwa kazi ya kuandika barua, mpaka sheria ilipoyawekea kikomo cha asilimia 20 mwaka 2018.

Sasa turudi kwenye bati za mama wa Tanga. Kukopa kwa riba ni kosa, na mwenye kosa arejee kwa Mola wake kwa toba. Lakini kosa la mkopaji halimhalalishii mkopeshaji mali yake. Mkataba ulioharibika hukumu yake ni kila upande kurudisha ulichochukua, na aya ya 279 ya Suratul Baqara, katika kuwataka watu waiache riba, imempa kila mtu rasilimali yake. Nikamwomba kijana anisomee barua ya benki. Ilikuwa na mafungu matatu. La kwanza ni ada za bima alizolipa; hizo ni mali yake. La pili ni riba aliyotozwa juu ya ada hizo. Nayo ilitoka mfukoni mwake, inarudi mfukoni mwake. La tatu ni nyongeza ya asilimia nane kwa mwaka, ambayo benki iliikata kodi kabla ya kumlipa. Hapo ndipo penye mushkeli.

Wako wanaosema nyongeza hiyo ni fidia ya kuzuiliwa mali. Katika madhehebu yetu ya Shafii mnyang'anyi hulipa ujira wa manufaa ya alichonyang'anya, kama nyumba au mnyama, lakini sarafu si kitu cha kukodishwa. Nikaona salama zaidi asiitumie, bali awape mafakiri bila kuihesabu kuwa sadaka yake. Ilikuwa pauni mia tatu na ushee, akaitoa. Bati zikabaki.

Nilimuuliza jambo moja zaidi: je, fomu ya madai aliijaza kwa ukweli? Kwani walikuwepo waliodai bima ambazo hawakuwahi kuuziwa. Huyo ameghushi kama alivyoghushi mwenye rundo, na kuwa benki ni dhalimu si udhuru kwake.

Nimeyaeleza haya leo kwa sababu mlango mwingine umefunguka hukohuko. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilihukumu juu ya kamisheni za mikopo ya magari. Hoja nyingi za wateja zilikataliwa, lakini mmoja alishinda, kwa kuwa kamisheni katika mkopo wake ilifika asilimia 55 ya gharama yote ya kukopa. Oktoba mwaka huo mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, ikapendekeza mpango wa fidia kwa mikataba ya kati ya Aprili 2007 na Novemba 2024, ikitahadharisha kwamba hapahitajiki wakili wala kampuni ya madai, ambayo yaweza kuondoka na hadi asilimia 30 ya fedha. Mwenye ndugu Leicester, London au Birmingham aliyenunua gari kwa mkopo katika miaka hiyo na ampigie simu. Autafute mkataba wake, aandike mwenyewe kwa mkopeshaji, na akilipwa aombe mchanganuo wa fungu kwa fungu kabla hajazigusa fedha zile.