Kuzaa si Kazi: Maoni Kuhusu Umama Unaobadilika Nchini Kenya

Wahenga walituambia kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha, tukaeleza maana yake ya nje na ya ndani, kisha tukaifungia daftarini. Hivi sasa wapo wanawake wengi nchini Kenya wanaoitekeleza methali hiyo neno kwa neno, nao hawapongezwi kwa kuitekeleza. Huambiwa kuwa wamependa pesa kuliko watoto, kwamba elimu imewapotosha, kwamba wameiga Uzungu, na kwamba ukoo utafia mikononi mwao. Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba lawama hizo zimemwangukia asiyestahili. Kupungua kwa idadi ya watoto hakuna maana kwamba umama umepungua. Kilichopungua ni mikono ya kumsaidia mama kulea, na yeyote anayetaka watoto waongezeke sharti aanzie hapo.

Takwimu Zasemaje?

Yafaa tuanze na takwimu ili tusije tukagombania kivuli. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alitarajiwa kuzaa watoto wapatao 8 maishani mwake, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vile vya juu zaidi duniani. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 1989 ulionyesha kuwa wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 6.7. Mwaka 1998 ulikuwa 4.7, mwaka 2003 ukapanda kidogo hadi 4.9, mwaka 2014 ukawa 3.9, na mwaka 2022 ukafika 3.4. Uliokuwa Mkoa wa Magharibi, ambamo Kakamega ilikuwamo pamoja na Vihiga, Bungoma na Busia, ulikuwa na wastani wa 5.8 mwaka 2003 na 4.7 mwaka 2014. Kwa hiyo sisi wa huku tumechelewa tu, lakini njia tunayoifuata ni ile ile.

Hata hivyo, takwimu hizi zatakiwa zisomwe kwa makini. Kwanza, Kenya haielekei kuwa mahame. Wataalamu hukadiria kuwa watoto 2.1 kwa kila mwanamke ndio wanaotosha kuziba pengo la kizazi kinachoondoka, nasi tungali juu ya kiwango hicho. Watu waliokuwa milioni 10.9 katika sensa ya 1969 walikuwa milioni 47.6 katika sensa ya 2019. Hali yetu ni mbali na ile ya Korea Kusini, ambako wastani ulishuka hadi 0.72 mwaka 2023. Anayetutisha kwa mfano wa Korea anatunywesha dawa ya maradhi ya jirani. Pili, wastani huficha mengi. Mwaka 2022 Nairobi ilikuwa na wastani wa watoto 2.5, ilhali Mandera ilikuwa na 7.7. Wanawake waliosoma kupita shule ya upili walikuwa na wastani wa 2.8, na wale ambao hawakupata elimu kabisa 6.3. Kwa hakika, ndani ya nchi hii moja mna umama wa aina nyingi.

Kwa Nini Watoto Wamepungua?

Mama zetu na nyanya zetu hawakuzaa watoto 8 kwa ujinga. Walizaa wengi kwa kuwa walijua watazika baadhi yao. Hata mwaka 2003, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 41. Mama anayeamini kuwa mwanawe ataishi hana haja ya kuzaa wa akiba. Aidha, watoto walikuwa nguvu ya shamba, walikuwa bima ya uzeeni, na kwetu Waluhya walikuwa njia ya kuyahifadhi majina ya waliotutangulia. Sababu hizo zilikuwa za hekima katika wakati wake.

Wakati huo umepita. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 618 katika kila kilomita mraba moja katika sensa ya 2019. Shamba ambalo babu alilirithi likiwa kubwa limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hata sasa mipaka ya migomba inakaribiana kama mistari ya daftari. Isitoshe, ukanda wa Mumias ulisomesha watoto wake kwa pesa za miwa kwa miongo mingi. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipodhoofika hadi kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, karo ya wengi ilikuwa imeshapotea. Ni kweli kwamba elimu ya msingi ilifanywa kuwa ya bure mwaka 2003, lakini mzazi yeyote anajua gharama ya sare, ya bweni, na ya mwana aliyeitwa chuo kikuu. Mama wa leo anapiga hesabu ambayo nyanya yake hakulazimika kuipiga.

Zaidi ya hayo, dola yenyewe ndiyo iliyomfundisha kuipiga. Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mnamo 1967, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika nchi zilizo kusini mwa Sahara. Sera ya idadi ya watu ya mwaka 2012 iliweka lengo la kuushusha wastani hadi watoto 2.6 ifikapo mwaka 2030. Ajabu ni kwamba mwanamke alipoitikia mwito aliotolewa kwa zaidi ya nusu karne, wamezuka wanasiasa majukwaani wanaomhimiza azae zaidi ili kura za jamii yake ziongezeke. Mtoto anahesabiwa katika kura ambayo ataipiga akitimiza miaka 18, ila hakuna anayejitolea kuihesabu miaka hiyo 18 ya kumlisha.

Mkono Mmoja Haulei Mwana

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika boma la zamani, mtoto alikuwa na mama mzazi, lakini pia alikuwa na kukhu, senje, wake wa ami, na binamu wa kumbeba mgongoni. Mama alipokwenda kondeni, mtoto hakubaki peke yake. Leo mwalimu aliyehamishiwa mji mwingine, au muuguzi wa zamu ya usiku, anaishi katika nyumba ya kupanga ambamo hana jirani wa kumwachia mwana. Humwajiri yaya. Yaya huyo aghalabu ni msichana aliyeacha mtoto wake mwenyewe kijijini, analelewa na nyanya aliyechoka. Hivyo basi, watoto wawili wanalelewa na wanawake watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepumzika. Baba wa watoto hao wako wapi katika maelezo haya? Msomaji ataona kuwa ni rahisi kuisimulia habari nzima bila kuwataja.

Sheria nayo imesaidia kwa kiasi chake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Lakini hiyo ni haki ya mwenye barua ya ajira. Muuza mboga wa sokoni, mpalilia miwa wa kibarua, na yaya niliyemtaja hawana wa kumwomba likizo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Msomaji na ajiulize ni ofisi ngapi azijuazo zenye chumba hicho.

Kakamega yetu iliwahi kutoa mfano unaostahili kutajwa. Mwaka 2013 serikali ya kaunti chini ya Gavana Wycliffe Oparanya ilianzisha mpango uliokuja kujulikana kwa jina la Oparanyacare. Mama maskini aliyehudhuria kliniki, akajifungulia katika kituo cha afya na kumpeleka mwana kupata chanjo, alilipwa jumla ya shilingi 12,000 kwa awamu sita, tangu ujauzito hadi mtoto alipofikisha miezi 18. Wapo walioubeza mpango huo wakidai kuwa unawalipa wanawake wazae. Mimi nauona kwa jicho jingine: kwa mara moja, jamii ilikiri hadharani kuwa mtoto wa maskini ni mzigo wa sote. Upungufu wake ni kwamba kazi ya kulea haiishi miezi 18. Mtoto anapoanza kutembea na kuvunja vyombo ndipo mama anapohitaji msaada zaidi, na hapo ndipo anapoachwa peke yake.

Tusisahau pia upande wa pili wa shilingi hii. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Sera ya kuwaruhusu warejee shuleni imekuwapo tangu mwaka 1994, lakini msichana hawezi kurejea darasani ikiwa hana wa kumshikia mtoto. Jamii ile ile inayomsuta mwanamke wa miaka 30 kwa kutozaa ndiyo inayomsuta huyu wa miaka 15 kwa kuzaa. Wote wawili wanasutwa, na wote wawili hawakuulizwa wanataka nini.

Wajibu wa Lugha na Fasihi

Huenda mwanachama mwenzangu akauliza haya yanahusiana vipi na Kiswahili. Yanahusiana sana. Lugha yetu ina maneno tasa na mgumba, nayo huchoma kama kaa la moto. Je, tuna neno lenye uchungu kama huo la kumwita mwanamume aliyezaa akakataa kulea? Mwanamke anapojifungua hupoteza jina lake na kuitwa Mama Fulani. Ni heshima kubwa, lakini ni heshima inayomwacha mwenzake asiye na mtoto bila jina la kuitwa.

Fasihi imetutangulia katika kuliona jambo hili. Katika Siku Njema (1996), Ken Walibora alimchora Zainabu akimlea Kongowea peke yake, tena kwa mapenzi yasiyotiliwa shaka. Katika Chozi la Heri (2014) cha Assumpta Matei, Mwangemi na Neema walimchukua Mwaliko na kumlea kama mwana wao. Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha (2021) ya Timothy Arege, Sara na Yona wanakejeliwa kwa kuchelewa kupata mtoto, kisha kwa kupata mabinti; ilhali ni binti huyo huyo, Neema, anayegharimia matibabu ya mama yake. Kazi hizi zimesomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili. Inasikitisha kwamba mara nyingi tunazifundisha kwa kuorodhesha sifa za wahusika ili mtahiniwa apate alama, na swali la nani aliyelea nani halijitokezi.

Wapo watakaonipinga kwa kuuliza ni nani atakayetutunza uzeeni na kutuzika iwapo kila nyumba itakuwa na watoto wawili. Swali hilo ni la haki, wala silidharau. Wana wachache watabeba wazee wengi, na nchi isiyojiandaa itaaibika. Lakini jibu lake haliwezi kuwa kumwongezea mzigo mwanamke ambaye tayari amelemewa. Mtoto wa tano asiyesoma wala kupata kazi hawezi kumtunza mzee yeyote.

Hitimisho

Maoni yangu, kwa hiyo, ni haya. Serikali za kaunti na zijenge vituo vya kulelea watoto karibu na masoko, maana mama wa sokoni ndiye asiye na likizo. Vyuo vikuu vyetu viwafikirie wanafunzi walio mama, ambao husomea mitihani usiku huku wakibembeleza wana katika vyumba vya kupanga vya Lurambi na Sichirai. Akina baba na waone kulea kuwa ni kazi yao pia, wala wasiseme kuwa wanamsaidia mama. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuwe waangalifu na maneno tunayoyarithisha, na tuache desturi ya kumtazama bibi harusi tumboni kabla maua hayajanyauka.

Ama kwa wale wanaoendelea kumdai mwanamke mtoto wa tatu, nawaomba jambo moja tu. Kabla ya kumdai, na wamuulize huyo wa pili analelewa na nani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, Kakamega.