Mambo ya Shule na Nyumbani: Vigawe Havina Mwisho

Mwezi huu twataka kusema na walimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, pamoja na wazazi wenye watoto katika madarasa hayo, habari ya vigawe. Jambo hili laonekana dogo. Lakini watoto wengi hukwama hapo, kisha huhesabiwa kuwa ni wajinga wa hesabu, na kumbe hawakufunuliwa maana.

Kigawe cha namba ndicho kipatikanacho ukiizidisha namba ile kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Vigawe vya 4 ni 4, 8, 12, 16, wala havina mwisho. Kigawo ni kinyume chake: vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, navyo vimekwisha. Maneno haya yapishana kwa herufi moja tu, kwa hiyo yafaa mwalimu ayaandike ubaoni kwa pamoja, kila moja na mfano wake.

Kosa kubwa ni kudhani ya kuwa mtoto aliyekariri jedwali amejua vigawe. Mwulizeni kama 52 ni kigawe cha 4. Wengi watakana, kwa sababu wimbo wao uliishia 48. Hawakuambiwa kwamba baada ya 12 mara 4 iko 13 mara 4.

Basi, tuanze na vitu vya kushikwa mkononi. Bao wanalolicheza wazee barazani lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Mtoto ahesabu safu kwa safu: 8, 16, 24, 32. Kisha aulizwe, tukiweka bao la pili kando ya la kwanza, tutafika wapi? Atasema 40, 48, 56, 64. Hapo ataona mwenyewe kwamba safu zaweza kuongezwa siku zote.

Akiisha kuelewa hayo, apewe safari mbili zinazokutana. Mama mmoja hupika wali kila siku ya 4, na maharage kila siku ya 6. Je, wali na maharage vitaliwa pamoja siku gani? Mtoto aandike mistari miwili: 4, 8, 12, 16, 20, 24, na chini yake 6, 12, 18, 24. Vitakutana siku ya 12, na tena siku ya 24. Ile 12 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, ambacho watoto hukiita KDS pasipo kujua kazi yake.

Na kazi yake ni kubwa. Mtoto asiyeijua, akiambiwa ajumlishe 1/4 na 1/6, hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata 2/10, yaani 1/5. Wazazi, mwonyesheni jambo hili kwa mkate. Alikuwa na robo, akaongezewa sehemu moja ya sita, na sasa asema ana sehemu moja ya tano, iliyo ndogo kuliko robo yake ya kwanza! Ni nani aliyepewa akapungukiwa? Mkate ukikatwa vipande 12, robo ni vipande 3, na sehemu ya sita ni vipande 2. Jumla ni 5/12. Mtoto aliyeona hivyo hana haja ya kuchapwa ili akumbuke.

Mwisho, twawapa kazi ya jioni moja, iliyofundishwa na Eratosthenes, mwanachuoni Mgiriki wa Alexandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andikeni namba 1 mpaka 100, mkafute 1. Iacheni 2, mkafute vigawe vyake vingine vyote; fanyeni vivyo hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Zitakazosalia ni namba tasa, nazo ziwe 25. Zikizidi, tazameni kwanza 91. Hiyo huwaponyoka wengi, kwa kuwa ni 13 mara 7, nao wamezoea kukoma penye 12.