Kupunguza si Kukabiliana

Lugha isipotenganisha mambo mawili yaliyo mbalimbali, wasemaji wake hushindwa kuyatenganisha katika matendo pia. Msiba huo umelipata neno kupunguza katika maandiko yetu ya tabianchi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 juu ya mabadiliko ya tabianchi, na Mapatano ya Paris ya 2015, hutofautisha kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza madhara katika chimbuko lake, yaani gesijoto zitokazo viwandani, katika magari, na misituni ikatwapo. Ya pili ni kuhimili madhara yaliyokwisha kutufikia. Waandishi wetu, kwa kupenda neno lenye mshindo, huzifunika zote mbili kwa neno moja: kukabiliana.

Na tulipime neno hilo. Kukabili ni kuelekeza uso. Mtu aweza kumkabili simba, naye akaliwa. Neno halikuahidi tokeo lolote. Tena kauli yake ya kutendana hutusimamisha mbele ya hali ya hewa, adui asiye na jina wala makazi. Kupunguza, kinyume chake, ni kauli ya kutendesha itokayo katika pungua. Ladai mtenda na mtendwa. Ukilitamka, msikilizaji ana haki ya kuuliza: nani apunguze, apunguze nini, na kwa kiasi gani? Daktari hupunguza maumivu na hakimu hupunguza adhabu, na kila mmoja wao aweza kuulizwa kiasi.

Ukuta wa bahari uliojengwa Dar es Salaam, kando ya barabara ya Barack Obama, ni kazi ya kuhimili. Hauiondolei anga hata chembe ya gesi. Kuuacha mkaa ili msitu usikatwe ni kazi ya kupunguza. Mikoko ya Rufiji, ikitunzwa, hufanya zote mbili: huvunja nguvu ya mawimbi na huhifadhi kaboni matopeni.

Wako watakaosema kwamba kupunguza ni neno la sokoni, halina hadhi ya mikataba. Heri la sokoni, maana sokoni watu hupima.

Wala jambo hili si ubishi wa kamusi. Mkataba wa 1992 ulizitaka nchi zilizoendelea zitangulie. Hilo ni deni la kupunguza. Anayehimili ni mvuvi wa Pangani, ambaye mchango wake katika gesi hizo ni haba mno. Kazi zote zikiitwa kwa jina moja, mdai na mdaiwa huketi jamvi moja, na deni husahauliwa.

Basi nawasihi wanafunzi na wafasiri: andikeni kupunguza palipo na kupunguza, na kuhimili palipo na kuhimili. Kukabiliana na kubaki pale tu mnapokusudia zote mbili pamoja.