Manowari si Kivuko

Kutoka Kinyangiri, wilayani Mkalama, hadi gati la wanamaji la Kigamboni ni mamia ya kilomita za nchi kavu. Mkulima wa alizeti na mtama wa kata hiyo aweza kumaliza umri wake asiione bahari. Maji makubwa ayajuayo katika mkoa wake ni ya Kitangiri na Singidani. Hata hivyo, dizeli ya trekta linalomlimia, mbolea anayoinunua na dawa nyingi za zahanati yake husafiri baharini kabla ya kumfikia. Mwalimu wa kijiji hicho naye hukatwa kodi kabla mshahara haujaingia mkononi mwake, na katika kodi hiyo ndimo zinamopatikana fedha za ulinzi. Kwa hiyo, swali la nani aunde manowari za Taifa si la wanamaji na wafanyabiashara wa pwani peke yao. Ni swali la kila mwananchi anayelipa na kila mwananchi anayelindwa.

Swali hilo limekaribia. Tanzania sasa inayo kampuni binafsi iliyothibitisha kwamba yaweza kuunda vyombo vya majini: Songoro Marine Transport ya Mwanza. Baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, na kuua watu zaidi ya 220, kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kuunda kivuko kipya cha Ukara, nayo imekwisha kuunda vivuko vingine vya Serikali. Mafundi walioviunganisha vyombo hivyo ni vijana wa nchi hii. Historia ya viwanda duniani inaonyesha kwamba kampuni iliyofaulu katika meli za abiria na mizigo haikawii kuzitazama meli za kivita, kwa sababu mnunuzi wake ni Serikali, malipo ni makubwa na kazi hudumu miaka mingi. Si busara kungoja siku kampuni ya namna hiyo itakapobisha hodi katika Wizara ya Ulinzi ndipo sera ianze kutungwa.

Hapana shaka kwamba haja ya kujitegemea ipo. Kikosi cha wanamaji cha Jeshi la Wananchi kiliundwa mwaka 1971 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, na tangu siku hizo meli zake kubwa zimetoka nje. Mwaka 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua meli mbili za kivita zilizoundwa China, Mwitongo na Msoga. Majina ni ya nyumbani, lakini mikuku yake ilitandikwa ugenini. Urafiki wa China ni wa kweli na umepimwa kwa vitendo. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba msaada wa rafiki ni wa kuongeza nguvu za mwenye shughuli, wala hauwezi kushika mahali pa nguvu hizo. Taifa lenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na maziwa makuu matatu mipakani mwake haliwezi kuagiza ughaibuni kila boti ya doria na kila kipuri mpaka mwisho wa dunia.

Lakini kutoka katika kivuko hadi manowari si hatua moja. Kivuko hupimwa kwa idadi ya watu na magari kiwezayo kubeba kwa usalama kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Manowari hupimwa kwa jambo jingine: je, itaendelea kuelea na kupigana baada ya kupigwa? Kwa sababu hiyo tumbo lake hugawanywa vyumba vingi visivyopitisha maji, mitambo yake ya umeme huwekwa zaidi ya mmoja na mahali mbalimbali, na nyaya za rada, mawasiliano na silaha hulazimika kufanya kazi kama mwili mmoja. Kuchomelea mabamba ya chuma ni sehemu tu ya kazi hiyo. Sehemu ngumu, na yenye gharama kubwa, ni kuipatanisha mitambo iliyonunuliwa kwa watengenezaji kumi walio katika nchi kumi. Fundi hodari wa kivuko aweza kujifunza hayo. Hawezi kuyajua kwa kusaini mkataba.

Mfano wa India unastahili kuangaliwa kwa makini. Mpaka mwaka 2001 nchi hiyo iliyafungia makampuni binafsi mlango wa viwanda vya ulinzi. Mlango ulipofunguliwa, wengi waliingia, wala hawakutoka sawa. Larsen & Toubro, kampuni iliyokuwa na miongo mingi ya uhandisi mzito, ilipewa mwaka 2015 kazi ya kuunda meli saba za doria za walinzi wa pwani, na kufikia mwaka 2021 zote saba zilikuwa zimekabidhiwa. Kiwanda cha Pipavav, katika jimbo la Gujarat, kilipewa mwaka 2011 kazi ya meli tano za doria za jeshi la wanamaji. Kiwanda kikabadilisha wenyewe, madeni yakakielemea, na hadi mwaka 2017 ni meli mbili tu zilizokuwa zimeshushwa majini. Mwaka 2020 kampuni ikaingia katika taratibu za ufilisi, na mkataba ukafutwa bila hata meli moja kukabidhiwa. Jambo moja liliipunguzia Serikali ya India hasara: jeshi la wanamaji lilikuwa limedai dhamana ya benki, na kampuni iliposhindwa, likaichukua. Makampuni yote mawili yalikuwa binafsi. Lililowatenganisha ni uwezo halisi wa kazi na afya ya mfuko.

Karibu zaidi na nyumbani kuna somo chungu. Katika miaka ya 2013 na 2014, makampuni matatu ya Msumbiji yaliyodhaminiwa na dola yalikopa zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani, kwa maelezo ya kununua boti za doria, meli za uvuvi na karakana za meli. Muuzaji alikuwa kundi la makampuni binafsi ya kuunda meli liitwalo Privinvest. Sehemu kubwa ya deni hilo ilifichwa, na Bunge halikuulizwa. Siri ilipofichuka mwaka 2016, wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu ikaporomoka, na mwaka uliofuata nchi ikashindwa kulipa. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Manuel Chang, alitiwa hatiani na mahakama ya New York mwaka 2024. Waliolipa hasa ni mwalimu na mkulima wa ng'ambo ya Ruvuma, ambao hawakuona boti wala mkataba. Kenya nayo iliingia mkataba wa meli ya kivita mwaka 2003. Kashfa ya zabuni ikaikwamisha meli hiyo Ulaya, na KNS Jasiri haikufika Mombasa hadi mwaka 2012. Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya ni kuyafungia kabisa makampuni binafsi, na kuyaacha mambo yote ya silaha mikononi mwa mashirika ya umma, kama Mzinga huko Morogoro na Nyumbu huko Kibaha. Hoja hiyo ina uzito, maana mfanyabiashara hutafuta faida, na faida na ulinzi havivutani daima upande mmoja. Lakini ikumbukwe kwamba makampuni yaliyolitia Msumbiji deni hilo yalikuwa chini ya dola. Umma wa jina hauzuii wizi. Kinachozuia ni umma kujua na kuuliza. Aidha, kuwaacha mafundi wa Mwanza wasubiri zabuni za vivuko huku fedha za meli za doria zikienda ng'ambo ni kuutupa ujuzi uliokwisha kupatikana kwa jasho.

Njia iliyo sahihi, basi, ni kuwaingiza kwa ngazi, na funguo zibaki kwa Taifa. Kwanza, kampuni ya Kitanzania ianze na boti ndogo za doria za maziwani na pwani, na isipewe chombo kikubwa kabla kile kidogo hakijatumika na kukaguliwa na wanamaji wenyewe. Pili, kampuni iunde bodi la meli, na kazi ya kufunga silaha na mitambo ya siri isimamiwe na Jeshi. Michoro nayo iwe mali ya Serikali, ili kampuni ikifilisika, ujuzi usiuzwe mnadani. Kenya imekwisha kuiweka karakana yake ya Kisumu, iliyoiunda MV Uhuru II, chini ya Wizara ya Ulinzi. Tanzania yaweza kuiunganisha karakana binafsi na Jeshi bila kuinyang'anya mwenyewe. Tatu, hakuna malipo ya awali yatolewe bila dhamana ya benki iliyo hai. Nne, mkopo wowote wa vyombo vya ulinzi ufike Bungeni. Idadi ya mizinga yaweza kuwa siri. Idadi ya madeni haiwezi kuwa siri kwa wale watakaoyalipa. Tano, kila mkataba utaje idadi ya mafundi watakaofunzwa, ili vijana wa vyuo vya ufundi wa Singida wapate nafasi sawa na wa Mwanza na Dar es Salaam.

Watumishi wa Serikali watakaoiandika mikataba hiyo ndio askari wa mstari wa mbele katika jambo hili, ingawa hawavai magwanda. Kifungu kimoja kilichopitishwa kwa uzembe chaweza kulidhuru Taifa kuliko tundu katika ubavu wa meli, kwa kuwa tundu huonekana na mabaharia wakaliziba siku ile ile, na kifungu kibovu hugunduliwa siku ya kulipa. Taifa litakaloyasimamia hayo litaunda manowari zake lenyewe, na litabaki huru kuamua ziende wapi.