Mapine ya motokari ya koperative: tuhesabu mbele ya kununua

Kati ya mwezi wa tano na wa saba mahindi inauzwa, makuta inaingia katika kese, na asemble inakaa ili kupanga mambo. Wanamemba wanaongea mbegu, wanaongea mbolea, magunia, deni ya mwaka jana. Juu ya mapine ya motokari hakuna mwenye kusema kitu. Kiisha mwezi wa kumi unafika, motokari inatumwa Lubumbashi kutafuta NPK na urea, na pale njo pine la nyuma linapasuka, na prezida anaanza kupiga simu huku na huku kutafuta nani atakopesha dola.

Mimi niko agronome, si mekanisie. Lakini mbolea yenye kulala kandokando ya njia siku kumi ni shida ya agronome. Kwetu Haut-Katanga mvua ya kupandia inashika mwezi wa kumi na moja, na mahindi yenye kupandwa kwa kuchelewa haingojei mtu: mvua ikikatika mwezi wa ine, masuke bado haijajaa. Kwa hiyo nasema kama pine ni pembejeo, sawa na mbegu, na linapaswa kuingia katika karatasi ya bajeti pamoja na mbegu.

Maproje mingi inaleta motokari mpya, picha inapigwa, ufunguo unapewa prezida, na hakuna mtu anasema neno juu ya pine la pili. Mapine ya kwanza inaisha kisha miaka miwili ao mitatu. Wakati huo proje imeshafunga. Koperative inabaki na Land Cruiser nzuri yenye kusimama juu ya matofali.

Sasa, ni mapine gani ya kununua? Vijana wa komite karibu wote wanataka yale ya meno makubwa, yale yameandikwa M/T, ya matope. Ninaelewa: motokari inakuwa na sura ya nguvu, na kila mtu anakumbuka siku walilala katika matope. Lakini tuhesabu kilometa. Motokari ya koperative yenye kutoka kijijini mpaka Lubumbashi inapita kwanza njia ya udongo mwekundu, kavu na ngumu miezi sita ya mwaka, yenye mawe madogo na yenye mabati-mabati ya kutikisa mpaka meno ya mtu. Kiisha inaingia kwenye lami. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi peke ni kilometa 120 hivi za lami. Matope ya kweli, yale ya kuzama mpaka ekseli, ni siku ngapi kwa mwaka? Pine la M/T juu ya lami linaisha mbio, linapiga kelele, linakunywa mazutu zaidi, na wakati lami imelowana linachelewa kusimama. Hii ya mwisho njo mbaya zaidi, sababu kwenye njia ya Kasumbalesa uko kati ya makamio ya madini, na kamio la mbele halikupi nafasi ya kujifunza.

Mimi ninapendelea A/T, pine la njia zote, lakini la aina ya kamio ndogo, lenye herufi LT ao C karibu na namba za saizi, si la motokari ya kutembea mjini. Ubavu wake uko mnene zaidi. Na ubavu ndio jambo kubwa huku kwetu kuliko meno. Angalia pori zetu: miti ya miombo inakatwa kwa makala ya kuuzia Lubumbashi, na kila mti unaacha kisiki chenye kuchongoka, mara mingi pembeni kabisa ya njia, ndani ya majani. Shofere anapisha baiskeli ya makala, gurudumu linapanda pembeni, kisiki kinaingia katika ubavu. Tobo la katikati ya pine linazibwa. Ubavu wenye kupasuka hauzibwi, pine linakuwa la kutupa. Ukipita mapine yaliyokufa nyuma ya garaji zetu, uyageuze moja moja uangalie yalikufia wapi. Utaelewa.

Kuna watu ambao njia yao ni tofauti kabisa, kama wale wa Mitwaba ndani-ndani ama wa dambo zenye udongo mweusi, ambao hawagusi lami mara mingi. Wao wakinunua M/T sitagombana nao.

Jambo la pili ni mzigo, na hapa nataka tusimame kidogo. Juu ya ubavu wa kila pine, nyuma ya saizi, kuna namba yenye kufuatwa na herufi. Kwa mufano 265/65R17 112S. Ile 112 haiko bei wala mwaka. Ni alama ya mzigo: pine hilo linaweza kubeba kilo 1,120, si zaidi. Alama 116 ni kilo 1,250. Alama 121 ni kilo 1,450. Herufi ya nyuma ni mbio, na hiyo haitusumbui. Herufi Q ni kilometa 160 kwa saa, na kwenye njia zetu hakuna mtu atafika huko akiwa mzima.

Tufanye hesabu ya pick-up ya kwetu. Tuseme ikiwa tupu inalemea tani moja juu ya ekseli ya nyuma. Tunapakia magunia 30 ya mbolea ya kilo 50, ni kilo 1,500. Juu ya magunia wanapanda wamama na wababa munane pamoja na mizigo yao, tuweke kilo 520. Karibu yote inakaa juu ya ekseli ya nyuma. Jumla ni kilo 3,020, na ukigawa kwa mapine mawili unapata kilo 1,510 kila moja. Pine la 112 limeshapita mbali. Hata lile la 121, lenye nguvu kuliko yote niliyotaja, limepita. Na safari hii inafanyika lini? Mwezi wa kumi, mwezi wa joto kuliko yote Lubumbashi, saa sita ya mchana. Pine lenye kulemewa linajikunja, linajikunja linapata moto, na moto ndio unalipasua. Wale munane wako juu.

Kwa hiyo nunueni alama ya juu kabisa mnayopata katika saizi yenu, lakini musidanganyane kama pine litaondoa dhambi ya kupakia sana. Magunia 20, ndiyo tani moja, na watu wakae ndani ya kabine ao wapande kitu kingine. Najua mtu atasema: agronome huyu hajui njaa ya nafasi. Safari mbili zinakula mazutu mara mbili, ni kweli. Na mimi nasema koperative yenye kupoteza memba mmoja kwenye njia haitarudia kuwa ile ile.

Tukuje kwa okasio. Sokoni kwetu Lubumbashi mapine ya okasio iko mingi, imetoka Ulaya ao Dubai, na bei yake inavuta. Muuzaji anakuonyesha meno, meno iko marefu, unafurahi. Usiangalie meno kwanza. Tafuta herufi DOT juu ya ubavu, kiisha namba ine za mwisho ndani ya kale kaduara karefu. Ikiandikwa 3214, pine lilitengenezwa juma la 32 la mwaka 2014. Mpira unazeeka hata bila kutembea. Unakauka, unafanya vinyufa vidogo kama udongo wa dambo mwezi wa nane. Pine la zaidi ya miaka sita mimi siliweki kwenye motokari ya mzigo, hata likiwa na meno ya simba. Kama namba haionekane upande mmoja, lala chini uangalie upande wa pili, sababu mara mingi inaandikwa upande mmoja tu. Na kama imefutwa, acha.

Angalia tena kama pine ni la wakati wa baridi ya Ulaya. Lile limewekwa alama ya mlima wenye theluji ndani yake, na mara mingi mpira wake ni laini, na kwenye udongo wetu wa moto unaisha kama sabuni. (Herufi M+S peke si neno, iko karibu kwa kila pine la 4x4.) Na kuna wauzaji wenye kuchukua pine lililoisha, wanachimba meno mapya kwa kisu cha moto na kupaka rangi nyeusi. Ingiza kidole ndani ya mfereji: kama hauoni vile vitufe vidogo vya mpira vyenye kulala chini ya mfereji, vinavyoonyesha mwisho wa pine, ujue kisu kimepita pale.

Bei sasa. Nachukua mufano, kila komite iweke bei ya soko yake. Tuseme pine jipya ni dola 180 na linatembea kilometa 50,000. Okasio ni dola 70 na linatembea 12,000. Kwa mapine ine, jipya linakula dola 14.4 kwa kila kilometa 1,000. Okasio linakula dola 23.3. Motokari yenye kutembea kilometa 25,000 kwa mwaka, ile ya «bei nzuri» imekula dola zaidi ya 220 juu ya ile ya «bei kali», bila kuhesabu siku za kulala njiani. Kama makuta haitoshi kununua ine kwa mara moja, njo sababu ya kuweka pembeni kidogo kwa kila safari. Dola 1.50 kwa kila kilometa 100, katika bahasha yake, na trezorie asiifungue kwa matanga wala kwa karamu.

Mapine ine yawe ya aina moja na saizi moja. Hii si urembo. Land Cruiser na Hilux nyingi, ukitia 4x4, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zizunguke sawasawa. Kama mapine ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma, kitu fulani ndani ya bwati kinapaswa kulipa tofauti ile, na bwati ni ghali kuliko mapine ine. Chukueni kamba, muzungushe kila pine, mufananishe. Ni kazi ya dakika tano. Wala musipande saizi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi ndogo ya mlango wa shofere.

Tena pine lenye shambre ama bila shambre? Wazee wanapenda 7.50R16 yenye shambre, na wana haki kwa jambo moja: kijijini unaweza kulifungua kwa vyuma viwili na nguvu za mikono. Lakini ile janti yake ya pete inaua. Toa upepo wote mbele ya kugusa pete, na ukirudisha upepo, funga gurudumu kwa mnyororo na usimame pembeni, usiiname juu yake. Pine bila shambre linazibwa kwa meshi bila kutoa gurudumu, na lina faida kwa miiba na misumari. Mukikuwa na janti za aina hiyo, bakieni nazo, muweke ndani ya motokari kisanduku cha meshi na kompresere ndogo ya betri.

Kompresere hiyo inasaidia hata siku ya matope. Wengi wanatafuta meno makubwa, kumbe kushusha upepo mpaka kilo 1.5 hivi kunafanya pine lilale, lishike pana, na motokari inatoka. Ukifika kwenye udongo mgumu unarudisha upepo mbele ya kukimbia. Bila pompi usishushe. Na upepo unapimwa asubuhi, pine likiwa baridi, si kisha kufika. Pine la moto linadanganya.

Nimebaki na pine la tano. Mara mingi nakuta la akiba ni lile bovu lililotolewa ine ya zamani, ao halipo kabisa, limeuzwa ao limeibwa usiku mmoja garajini. Nunueni matano, mzungushe yote matano kwa kila kilometa 10,000, na lile la akiba lifungwe kwa mnyororo na kadenasi. Ufunguo wa kwanza wa kadenasi uwe kwa shofere, wa pili kwa trezorie, na namba za DOT za mapine matano ziandikwe katika daftari ya motokari siku ileile ya kununua, ili siku shofere akirudia na pine lingine mujue mara moja.